Mfunua Kurasa wa Ndugu Wawili

Mwanamke aliyenifundisha kusoma aliniita nyumbani kwake Othaya Jumamosi moja, akanimiminia chai, na kabla sijaifikisha nusu akaniambia kwamba anataka nikae katikati ya watoto wake.

"Katikati wapi, Mwalimu?" nikauliza. Mimi mwenyewe ni mwalimu sasa, nafundisha muziki katika shule ya wasichana mjini Nyeri, lakini yeye nitamwita Mwalimu hadi nife.

"Hapo kwa piano," akasema. "Huyu akicheza piano na yule akicheza fidla, si lazima kuwe na mtu wa kufunua karatasi? Wewe ndiwe utafunua."

Niliweka kikombe chini. Hakuna mtu pande zile asiyejua kwamba watoto wake wawili hawakuwa wamesemezana tangu baba yao azikwe. Kaka mtu ni daktari wa meno mjini Nyeri, na Jumapili hupiga kinanda kanisani kwetu. Dada mtu alikuwa ameishi ng'ambo miaka mingi akicheza fidla katika okestra. Aliporudi nchini hakurudi nyumbani. Alipanga nyumba Nanyuki, akawa anafundisha fidla watoto wa wenye mahoteli na mashamba makubwa. Kutoka Nanyuki hadi Othaya si mbali, lakini kwake ilikuwa mbali kuliko huko ng'ambo alikotoka.

Ilikuwa hivi. Baba alipofariki, dada mtu alipiga simu akaomba asubiriwe. Stakabadhi zake za kukaa katika nchi ile zilikuwa bado zinashughulikiwa, na kama angetoka kabla ya kuzipata asingeruhusiwa kuingia tena. Alisema mnisubiri, nakuja, msimzike bila mimi. Kaka mtu hakusubiri. Dada alipofika alikuta maua ya kaburini yamekauka na udongo umeanza kushuka. Alisimama pale na begi lake mgongoni mpaka watu wakaona haya kumtazama. Kisha akamkumbatia mama yake, akampita kaka yake kama anayepita mlingoti wa stima.

"Natimiza miaka themanini," Mwalimu akaniambia. "Sitaki tenti, sitaki mbuzi, sitaki keki ya kulishwa kama mtoto. Nataka wacheze zile sonata walikuwa wanacheza hapa sebuleni. Nimewaambia wote wawili. Wamekubali."

"Wamekubali kukaa pamoja?"

"Wamekubali kucheza." Akanitazama kwa yale macho yaliyokuwa yakinifanya nikae wima katika darasa la kwanza. "Hiyo nyingine tutaona."

Sikuwa na njia ya kukataa. Na nikiri, nilitaka pia kusikia. Sonata hizo ni muziki wa Baroki, wa Ulaya ya karne nyingi zilizopita, muziki wa watu wachache katika chumba kimoja. Ndani yake fidla haiimbi huku kinanda kikiitikia tu kama kwaya ya nyuma. Vyote viwili vinabeba wimbo. Fidla ikianza kusema, kinanda kinalichukua neno lile lile kabla halijaisha, kinaligeuza, kinalirudisha. Ukiwa na watu wawili wasiosikilizana, muziki huo unavunjika mara moja, hata kama kila mmoja wao hakukosea noti hata moja.

Mazoezi ya kwanza yalifanyika katika ukumbi wa kanisa letu mjini, ukumbi wa mawe wenye madirisha membamba. Ilikuwa Julai, na wenyeji wa Nyeri hawahitaji kuelezwa baridi ya Julai. Ukungu ulikuwa umeteremka hadi kwenye mabati, na ukisema neno ulikuwa unaona pumzi yako. Kaka mtu alifika kwanza, akakaa kwenye piano, akaanza kupasha vidole vyake joto kwapani. Dada mtu aliingia baadaye, akaniamkia mimi, akafungua kasha la fidla kwenye benchi la mbali.

Piano ile ni kuukuu. Waliiacha wamishonari, na fundi aliyekuja kuipima alikataa kukaza nyuzi zake zaidi. Alisema zikikazwa zitakatika, au mbao yenyewe itapasuka. Kwa hiyo sauti yake yote imeshuka, karibu nusu toni chini ya ilivyotakiwa. Mchezaji wa fidla, kabla ya kuanza, huomba piano impe noti moja, ile iitwayo la, ili akaze au alegeze nyuzi zake zilingane nayo. Kaka mtu aliigonga ile noti. Dada mtu akaitega sikio, akakunja uso, akanigeukia mimi.

"Mwambie hii piano iko chini."

Nilidhani ni mzaha. Yule kaka alikuwa pale, hatua chache tu kutoka kwake. Lakini naye alinigeukia mimi.

"Mwambie hiyo ndiyo tuko nayo."

"Mwambie nikilegeza nyuzi hivyo hazitakaa. Zitakuwa zinateleza kila saa."

"Mwambie basi alete piano yake kutoka Nanyuki."

Nikabaki kati yao kama mtu anayeshika kamba inayovutwa pande mbili. Mwishowe dada mtu akaanza kulegeza nyuzi, uzi baada ya uzi, polepole, meno yameuma mdomo. Hakuna aliyeniambia niseme neno jingine. Kaka aliendelea kuigonga la, tena na tena, kwa kidole kimoja, mpaka sauti mbili zikakutana.

Kazi ya mfunua kurasa ni ndogo na ni mbaya. Unakaa upande wa kushoto wa mpiga piano, nyuma kidogo. Mistari ya mwisho ya ukurasa inapokaribia, unainuka, unaishika ncha ya juu ya karatasi kwa vidole viwili, unasubiri mpigaji atikise kichwa, unafunua, unakaa. Hutakiwi kupumua kwa nguvu, wala kuvuta kamasi, wala kufuatisha wimbo kwa mguu. Ukifanya vizuri, hakuna atakayekumbuka kwamba ulikuwepo. Ukikosea, kila mtu atakukumbuka. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo chuoni mara nyingi, lakini sikuwahi kuifanya nikihofia mabega ya mpigaji. Ya kaka mtu yalikuwa yamepanda hadi masikioni, na hayakushuka siku hiyo.

Walicheza. Noti zote zilikuwepo. Mwisho wa sehemu ya kwanza nikajikuta nimechoka kama niliyebeba maji kutoka mtoni.

Mazoezi ya pili ndiyo yaliyoharibika. Katika sonata ya tatu kuna sehemu ya polepole, na nusu yake ya kwanza ina alama ya kurudia: ukifika hapo unarudi mwanzo, unaicheza tena, na mcheza fidla anaruhusiwa kuipamba kwa mapambo yake mwenyewe. Kaka mtu alipofika kwenye alama ile hakurudi. Alipita moja kwa moja, nami nikafunua. Fidla ikanyamaza.

"Kuna alama ya kurudia," dada mtu akasema. Safari hii hakunigeukia.

"Tunaruka," kaka akasema, macho yake kwenye noti. "Watu wa huku watachoka. Wamezoea nyimbo za beti tatu. Tukirudia kila kitu tutakuwa hapa mpaka giza."

"Imeandikwa irudiwe."

"Nimesema tunaruka."

Dada mtu akateremsha upinde. "Wewe daima uko na haraka," akasema kwa sauti ya chini. "Kila kitu kiishe, watu waende nyumbani. Hata Baba ulimzika kwa haraka."

Niliinuka nusu, nikakaa tena. Sikuwa na mahali pa kwenda. Kaka mtu akafunga kifuniko cha piano taratibu, jambo lililoniogopesha kuliko kama angekibamiza.

"Ulitaka tumuweke mpaka lini?" akauliza. "Mpaka serikali ya wenyewe ikupatie muhuri? Niambie. Mpaka lini?"

"Mpaka nifike."

"Na kama usingefika?"

"Nilisema nakuja! Ulinisikia kwa simu, nilisema nakuja!"

Kaka mtu akafungua mdomo. Niliona wazi kwamba kulikuwa na neno limefika mlangoni. Kisha akalimeza, akatazama mikono yake, akasema tu, "Haya. Ni mimi. Nilikuwa na haraka. Umefurahi?"

Dada aliweka fidla kwenye kasha bila kuifuta, akaondoka. Kaka mtu alibaki ameketi mbele ya piano iliyofungwa. Nikamuuliza kama nimwambie mama yao kwamba tamasha halipo.

"Usimwambie chochote," akasema. "Tafadhali, mwalimu. Yeye asijue tumegombania hilo."

Nilipanda Nanyuki siku iliyofuata baada ya vipindi. Ukitoka kwetu kwenye ukungu ukafika kule, unakuta jua na vumbi na hewa kavu inayopasua midomo. Dada mtu alikuwa amepanga nyumba ndogo nyuma ya boma la mfanyabiashara wa mifugo, mzee Mwislamu mwenye ndevu nyeupe, ambaye alinikaribisha langoni na kunionyesha mlango bila kuniuliza nimetoka wapi. Nilimkuta dada ameketi kwenye ngazi na fidla magotini. Vigingi vya kukazia nyuzi vilikuwa vinateleza, kwa sababu ya ukavu na kwa sababu ya kule kulegezwa. Alikuwa anavipaka chaki.

"Amekutuma?" akauliza.

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

"Basi kaa."

Nilikaa. Nilitaka kumweleza habari ya mama yake, miaka themanini, na kwamba watu wameshaalikwa, lakini alinitangulia.

"Nitakuja," akasema. "Nitacheza, nitainama, nitarudi hapa. Mama aliomba na mimi sitamnyima. Lakini huyo mwingine asinisemeshe." Akazungusha kigingi, uzi ukalia, akausikiliza ukiteleza tena. "Unajua kitu kinaniuma? Si hata kuzikwa. Watu wanazikwa. Ni kwamba hakuona haya. Nilimwangalia machoni siku ile nikitafuta haya, nikakosa."

Nikalikumbuka lile neno ambalo kaka mtu alilimeza. Lakini sikulijua, na kitu usichokijua huwezi kukitetea.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili alasiri, baada ya ibada. Ukumbi ulijaa kuliko nilivyotazamia: wanakwaya, wanawake wa kikundi cha Mwalimu waliokuja kwa leso zao bora, wasichana wangu wa shule waliolazimishwa na waliopenda, majirani wa Othaya, na watalii wachache waliosikia habari hotelini. Mwalimu aliketi mstari wa mbele, blanketi magotini, fimbo kando. Saa ya kuanza ikafika. Kaka mtu alikuwa kwenye piano. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha kufunua. Benchi la fidla lilikuwa tupu.

Watu wa Nyeri ni wastaarabu, husubiri. Lakini nilisikia kusubiri kwao kukibadilika, kikohozi hapa, mnong'ono pale. Kaka mtu hakugeuka. Jasho lilikuwa limetoka juu ya mdomo wake katika baridi ile. Mama yao alikuwa akitazama mlango bila kupepesa macho.

Kisha tukasikia gari nje. Lilikuwa pikapu ya yule mzee wa mifugo, bado ina nyasi na harufu ya mbuzi nyuma. Gari alilotarajia dada lilikuwa limeharibikia njiani, naye mzee akakataa katakata kumwacha mpangaji wake barabarani na chombo kile cha mbao. Dada aliingia amekumbatia kasha, mzee akamfuata, akavua viatu mlangoni kwa mazoea, akaonyeshwa kiti.

Dada alisimama mahali pake. Kaka mtu akaigonga la. Dada akakaza, akalegeza, akatikisa kichwa, nao wakaanza.

Sonata mbili za kwanza zilipita salama. Nasema salama kama mtu anavyosema kuhusu daraja bovu alilolivuka. Kaka alicheza akitazama noti, dada alicheza akitazama dirisha. Katika muziki ule kuna mahali ambapo fidla lazima ishushe pumzi ili piano iseme, dada hakushusha. Kuna mahali piano inapaswa kungoja, kaka hakungoja. Katika sehemu ya mwisho ya sonata ya pili walikuwa wakifukuzana kwa kasi ambayo haikuwa ya furaha. Niliinuka kufunua, karatasi mbili zikataka kuja pamoja, nikaitenganisha moja kwa ukucha dakika ile ile kaka alipotikisa kichwa.

Watu walipiga makofi. Ilikuwa saa ya mapumziko, na wanawake wa kanisa wakaanza kupitisha chai. Kaka mtu alitoka nje kwa mlango wa pembeni. Mimi na dada tuliingia chumba cha nyuma, kile wanachowekea viti. Alikuwa anapuliza vidole vyake. Mlango ukafunguliwa, na Mwalimu akaingia na fimbo yake.

Niliinuka nitoke.

"Kaa," akaniambia. "Nimekuleta ukae katikati, kaa."

Nikakaa. Dada akamsogezea mama yake kiti, lakini mama hakukikalia. Alisimama ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Nimesikia," akasema. "Mnacheza kama watu wamekodishwa."

"Mama, tafadhali. Bado kuna nusu."

"Najua kuna nusu. Ndiyo sababu nimekuja sasa." Akavuta pumzi. "Ni mimi nilisema baba yako azikwe."

Dada akamtazama kama aliyezungumziwa kwa lugha asiyoijua.

"Ndugu yako alitaka kukusubiri. Aligombana na wazee wa ukoo akitaka kukusubiri. Mimi ndiye nilishindwa. Nilikuwa naenda kulala usiku, najua yuko huko mochari, kwa friji, na wewe unajua vile baba yako alikuwa anaogopa baridi. Alikuwa analala na soksi mwezi wa Februari. Sikuweza. Nikamwambia kijana, mzike, leo kabla ya kesho. Akaniambia, mama, huyo dada hatakusamehe. Nikalia. Akasema basi, wacha anikasirikie mimi. Mimi nina mabega."

Nje wasichana wangu walikuwa wanacheka kitu.

"Miaka yote hii," dada akasema.

"Ndiyo."

"Umeniacha nimchukie miaka yote hii, na ulikuwa unajua."

"Ndiyo," mama yake akasema tena. Hakulia, na hakuomba msamaha. "Nilidhani itapoa yenyewe. Haikupoa. Na leo nimewasikia, nikaona nitakufa na hii kitu."

"Kwa nini unaniambia sasa? Mama, natoka hapo kucheza sasa hivi!"

"Kwa sababu yeye hatakuambia kamwe."

Dada alichukua fidla yake. Alipita mlangoni bila kumgusa mama yake. Nilimsaidia Mwalimu kurudi kwenye kiti chake, na alikuwa mwepesi mkononi mwangu kuliko nilivyotarajia.

Kaka mtu alikuwa amesharudi kwenye piano. Hakujua lolote. Niliketi kando yake nikiwa na habari ile kifuani kama kaa la moto lililofungwa kwenye kitambaa, nikijua kwamba siwezi kumnong'oneza, na kwamba mbele yetu yuko mama yao, na kati yetu yuko mtu mwenye fidla ambaye sikujua kama atacheza au ataitupa chini.

Kaka akaigonga la.

Dada hakukaza uzi. Alisimama amemtazama kaka yake moja kwa moja usoni, kwa mara ya kwanza tangu mazoezi yaanze. Kaka akaigonga tena. Akaigonga mara ya tatu, na sasa akainua macho kuona kuna nini, akamkuta anamtazama, akashtuka hata kidole chake kikateleza kwenye noti ya jirani. Ndipo dada akainua upinde na kukaza nyuzi zake. Alichukua muda mrefu. Zilikuwa zinateleza, naye alikuwa anazirudisha, na kaka aliendelea kumpa ile noti bila kuchoka.

Sehemu ya kwanza na ya pili za sonata ya tatu walizicheza kwa tahadhari, kama watu wanaotembea gizani wakinyoosha mikono. Sijui waliosikiliza walisikia nini. Mimi nilikuwa naona mabega ya kaka. Yalikuwa yamepanda, ila sasa kichwa chake kilikuwa kinageuka kila mara upande wa fidla.

Tukafika kwenye ile sehemu ya polepole. Wimbo wake si mgumu; mtoto wa miaka michache ya mafunzo anaweza kuucheza. Fidla inashuka hatua kwa hatua, piano inaupokea chini. Nilijua mwisho wa nusu ya kwanza upo juu ya ukurasa wa pili, na neno la mwisho la kaka mtu lilikuwa kwamba tunaruka. Nilikuwa nimeshafunua, nimekaa. Alama ya kurudia ikakaribia. Kaka alijiandaa kupita.

Dada hakupita. Alishika noti ya mwisho, akaivuta kidogo tu, kisha akarudi mwanzo.

Sina namna ya kueleza urefu wa kitambo kile kifupi. Kaka mtu alikuwa na noti mbili mbele yake, ile ya kuendelea na ile ya kurudi, na mikono yake ilikuwa juu ya vibao. Angeweza kuendelea, wakaachana mbele ya watu wote, na aibu ikawa ya dada. Nilijikuta nimesimama. Nikarusha mkono kuurudisha ukurasa, na kwa haraka yangu karatasi ile, iliyounganishwa kwa gundi ya zamani, ikachomoka, ikaelea, ikaanguka sakafuni chini ya kanyagio za piano.

Mbele yake sasa hapakuwa na ukurasa wa kwanza.

Kaka mtu hakuutazama ule ukurasa. Alikuwa anamtazama dada yake. Mkono wake wa kushoto ukateremka kwenye noti ya kurudi, kwa wakati, na akacheza. Alicheza bila karatasi, noti alizozicheza sebuleni Othaya akiwa kijana. Mahali fulani alikosa, dada akangoja, akampata. Na juu ya wimbo ule dada akaanza kuweka mapambo, madogo, yanayotetemeka, mengine hayakufika alikotaka yafike. Nilibaki nimesimama kama mjinga, mikono yangu mitupu, nikiogopa hata kuinama kuokota karatasi. Nilitazama mstari wa mbele. Mwalimu alikuwa amefumba macho, na mikono yake ilikuwa imeshika blanketi kwa nguvu kama anayeendeshwa katika gari linaloteremka kwa kasi.

Walipofika tena kwenye alama, walipita pamoja. Nilikuwa nimeshaokota ukurasa. Sehemu ya mwisho, ya haraka, waliicheza, na haikuwa kamili. Uzi mmoja wa fidla ulilegea katikati, dada akawa anaubana kwa kidole juu kidogo ili sauti isiharibike. Lakini niliwasikia wakingojana.

Watu walisimama kupiga makofi. Yule mzee wa Nanyuki alisimama pia, ametabasamu, anatikisa kichwa. Ndugu wale wawili waliinama. Walipoinuka, bado makofi yanaendelea, kaka akasema bila kugeuza uso, "Umerudia."

"Na wewe ukanifuata." Kisha dada akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

Kaka mtu alinitazama mimi kwanza, kama ni mimi niliyetoboa siri. Kisha akamtazama mama yake, na akaelewa.

"Ungefanya nini?" akasema. "Ungemkasirikia yeye."

"Ni haki yangu kumkasirikia."

"Haya basi. Sasa uko nayo."

Hawakukumbatiana. Kaka mtu aliinama akachukua kasha la fidla sakafuni, akalishika wazi mbele yake wakati dada anaiweka ndani, na akalibeba mpaka kwenye pikapu. Nilimwona akisimama dirishani mwa gari, wanazungumza, mikono yake mfukoni. Dada hakurudi ndani kumuaga mama yake. Mwalimu aliliona hilo. Alipokea salamu za miaka themanini kutoka kwa kila mtu ukumbini, akashukuru kila mmoja kwa jina, na hakuuliza binti yake yuko wapi.

Kwa majuma mengi baada ya hapo hali ilikuwa ya ajabu. Kaka na dada walikuwa wakipigiana simu. Dada alishuka Nyeri wakafanya mazoezi, nami nikaitwa kufunua, na safari hii waligombana moja kwa moja, bila kunipitia, kuhusu kasi na kuhusu nani anamfunika nani. Lakini Othaya dada hakwenda. Kaka alimsihi mara moja, akakatazwa, akaacha. Mwalimu alikonda. Nilimtembelea, akaniuliza habari za shule yangu na za mvua, na hakuuliza habari nyingine.

Majani ya chai yalikuwa yamechipuka upya baada ya baridi, siku ambayo dada alinipigia simu akaniuliza kama nina nafasi ya kumsindikiza. Tulifika nyumbani kwa mama yake Othaya asubuhi. Alikwenda kaburini kwanza, peke yake, akakaa huko kitambo. Kisha akaja jikoni. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda anamenya viazi, akamwona mlangoni, kisu kikasimama.

"Umekula?" mama akauliza.

"Sijala."

"Kuna chai kwa thermosi."

Dada alijimiminia, akavuta kigoda kingine, akachukua kisu cha pili kutoka kwenye beseni na kuanza kumenya. Maganda yakawa yanaanguka. Mikono ya binti ilikuwa imetulia kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi, maana sikujua kama ni utulivu wa aliyesamehe au wa aliyejiandaa kusema yote.

"Mama," akasema, "mimi bado nimekasirika."

"Najua."

"Nataka uniambie ile siku yote. Toka asubuhi. Usiruke kitu."

Mwalimu akajifuta mikono kwenye leso. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwanangu," akaniambia, "hebu nenda ukaniangalilie yule ng'ombe."

Ng'ombe alikuwa mzima, amelala nyuma ya zizi anacheua. Nilisimama pale nikimtazama kwa muda mrefu, na sauti zao zikawa zinanifikia kupitia ukuta wa mbao, ya mama ikisema, ya binti ikiuliza, bila ya mimi kushika neno hata moja.